Kidonda Hupona Kutoka Chini

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Mwanzo 50:15–21

Twawasalimu asubuhi hii kutoka Kisiwani Mombasa, ninyi mlio majumbani, ninyi mlio njiani kwenda kazini, ninyi mnaongoja feri pale Likoni, na hasa ninyi mnaotusikiliza mkiwa vitandani katika wadi za hospitali. Maneno ya leo yanawahusu ninyi kuliko wengine, maana tutazungumza juu ya tumbo lililopasuliwa, na juu ya kidonda chake. Aliye mezani akinywa chai atuwie radhi. Biblia haikuona haya kutaja majipu na usaha, nasi hatutaona haya.

Mwenye Biblia karibu na afungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 50, mstari wa 15. Aweke kidole chake hapo. Tutarudi.

Yuko mzee mmoja wa kanisa letu, mtu wa miaka sitini na kitu, aliyetupa ruhusa kuyasimulia haya mradi tusitaje jina lake. Mwaka 2023, wakati wa mvua za masika, alishikwa na tumbo. Akasema ni mchango. Akanywa chai ya tangawizi, akanywa maji ya mwarobaini, akajilaza. Siku ya pili maumivu yakahamia upande wa kuume, chini. Siku ya tatu yakapungua ghafula, naye akamshukuru Mungu, asijue ya kuwa utulivu ule ndio uliokuwa hatari yenyewe. Kidole tumbo, yaani kile kijitumbo kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, kilikuwa kimevimba hata kikapasuka, na uchafu wake ulikuwa ukimwagika ndani. Siku ya nne alipelekwa hospitali akiwa amejikunja kama ndoana, na usiku uleule akapasuliwa.

Madaktari walifanya kazi yao vyema. Waliondoa kilichooza, wakaosha tumbo kwa maji ya chumvi yaliyo safi, wakaacha mpira mwembamba uliotokea ubavuni, mwisho wake ukiingia katika kifuko. Kila asubuhi muuguzi alipima yaliyoingia kifukoni na kuandika katika karatasi. Yalipokuwa machache na kugeuka kuwa majimaji tu, mpira ukatolewa. Siku ya saba mzee wetu akarudishwa nyumbani, akiwa ameagizwa arudi baada ya siku tatu ili kidonda na nyuzi zitazamwe.

Hakurudi.

Sisi tulikwenda kumwona nyumbani kwake. Tukamwuliza hali. Akajibu, "Mzima, Bwana Kasisi. Bwana ni mwema." Tukafurahi, tukaomba, tukanywa chai, tukaenda zetu. Tukaja mara ya pili, jibu likawa lilelile. Mara ya tatu tulikuwa tumekwisha kutangaza kanisani ya kuwa Jumapili itakuwapo ibada ya shukrani kwa kupona kwake, na kwaya walikuwa wamekwisha kuanza mazoezi. Twakiri mbele yenu ya kwamba siku ile tuliutazama uso wake tusilitazame shati lake. Uso ulikuwa wang'aa. Tulidhani ni furaha, kumbe ni homa.

Tulipokuwa twashuka ngazi mkewe alitufuata. Mama yule si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Bwana Kasisi, mimi sikutaka kusema mbele yake. Lakini usiku shuka zalowa, na harufu ile si harufu ya mtu anayepona. Amechukua leso yangu akaikunja, ameiweka chini ya shati."

Tukapanda tena. Tukamwambia, "Mzee, hebu fungua shati." Alikataa kwanza. Kisha akafungua kifungo kimoja kimoja, akitazama ukutani, na leso ile ilikuwa imelowa mpaka mkunjo wa ndani. Tukamwuliza, mbona hukusema? Akatujibu neno ambalo hatujalisahau: "Bwana Kasisi, mmekwisha kutangaza shukrani. Ningewaambiaje watu?"

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi makasisi huipenda sana methali hii, maana hutupa nafasi ya kuwakaripia wagonjwa. Lakini siku ile haikutufaa. Ni nani aliyemfundisha mzee huyu kuficha? Ni sisi. Tumewazoeza watu wetu kwamba Mkristo akiulizwa hali ni lazima ajibu kwa sifa. Mtu asimamaye kanisani akasema, "Ndugu zangu, mimi sijapona," twamtazama kama aliyeharibu ibada.

Basi tukamchukua hospitali. Aliyempokea alikuwa muuguzi mmoja, mama wa makamo, mwenyeji wa Mji wa Kale, mtaa wa Kuze, Mwislamu mcha Mungu, mwenye mikono ya mtu aliyefanya kazi ile miaka mingi. Alikitazama kidonda. Kwa macho yetu sisi kilikuwa kimefunga vizuri, mstari mmoja ulionyoka, ila penye ncha ya chini palipokuwa pakitoa maji. Kando yake ngozi ilikuwa imewiva na kumetameta. Akaweka nyuma ya kiganja chake pale, akasema, "Pana moto. Nje pamefunga, na hapo ndipo penye shida." Kisha akamwambia mzee, "Baba, nitakuumiza kidogo. Unisamehe."

Akakata nyuzi nne. Hatutaeleza yote yaliyotoka. Waliopata kuyaona wayajua, na wasioyaona waridhike na neno letu ya kwamba beseni moja halikutosha. Mzee alilia kwa sauti, naye ni mtu ambaye hata katika mazishi ya mamaye hatukumwona akilia. Muuguzi aliendelea kuosha kwa maji ya chumvi, akikamua polepole, mpaka yaliyotoka yakawa mekundu na safi. Kisha akachukua shashi ndefu, akailowesha, akaanza kuijaza ndani ya kidonda kwa kibanio, kidogo kidogo, kama mtu anayejaza pamba mtoni.

Hapo tulishindwa kunyamaza. Tukamwuliza, "Bibi, wataka kidonda kifunge, nawe wakijaza vitu kisifunge?"

Akacheka. "Padri," akasema, "ngozi ni mwongo. Ngozi hufunga kwa siku mbili tu, nyama ya chini yataka majuma. Kidonda kilichochafuka hupona kutoka chini kuja juu. Kikitangulia kufunga juu, umemfungia nyoka chumbani, tena umemtandikia na mkeka. Mimi namshikia mlango usijifunge, mpaka chumba kijae nyama nzima."

Usiku ule mzee alilala bila homa, kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani.

Kabla ya kuendelea twapenda kuwaambia jambo wale walio na mgonjwa nyumbani, maana haifai kuhubiri juu ya kidonda tusiseme namna ya kukitunza. Majimaji machache ya rangi ya waridi katika siku za kwanza baada ya kupasuliwa si jambo la kutisha. Lakini maumivu yakizidi siku baada ya siku badala ya kupungua, ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, pakitoka usaha au harufu, au mgonjwa akipata homa baada ya kuwa amepoa, arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi mambo haya hujitokeza kati ya siku ya tano na ya kumi, wakati jamaa wamekwisha kuacha kuja. Na ikiwa ghafula yametoka maji mengi ya rangi ya damu iliyofifia, huenda tumbo limeachia kule ndani. Mlazeni, mfunikeni kidonda kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, msimpe chakula, msisukume ndani chochote kilichotokeza, mkimbilieni daktari. Majivu, unga wa kahawa, mafuta ya taa, na majani yaliyotafunwa visiguse kidonda. Mwenye ugonjwa wa sukari na mvuta sigara hupona polepole kuliko wengine. Na hata aliyepona, kovu lake huchukua miezi kama mitatu kupata sehemu kubwa ya nguvu yake, wala halirudii kamwe nguvu yote ya ngozi ya kwanza. Basi msimtwishe mtu ndoo ya maji kwa sababu tu mmeona ameanza kutembea.

Na msidhani ya kuwa hekima ile ya muuguzi wa Kuze ilikuja juzi kwa meli. Mwaka 1879 kijana mmoja Mwingereza, Robert Felkin, ambaye alikuwa hajamaliza bado masomo yake ya udaktari, alikuwa Bunyoro, katika nchi ambayo leo ni Uganda. Alikuwa ametumwa na Church Missionary Society, shirika lilelile ambalo Krapf alilitumikia alipofika Mombasa mwaka 1844. Mahali paitwapo Kahura alimwona mganga mwenyeji akimpasua tumbo mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Aliyaandika aliyoyaona, na jarida la madaktari wa Edinburgh likayachapa mwaka 1884.

Asema mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi, na mganga akaosha kwa pombe hiyo mikono yake na tumbo la mgonjwa. Mtoto akatolewa akiwa hai. Kisha, ndugu wasikilizaji, kabla ya kufunga, walifunika jeraha kwa mkeka uliofumwa wazi, wakamgeuza yule mama juu ya mikono ya wasaidizi hata tumbo likaelekea chini, ili majimaji yaliyobaki ndani yachuruzike yote sakafuni. Baada ya hayo ndipo walipomlaza tena, wakaziunganisha kingo za jeraha kwa sindano saba nyembamba za chuma zilizofungwa kwa nyuzi za gome la mti. Siku ya tatu baadhi ya sindano zikatolewa, na zilizobaki zikafuata siku chache baadaye. Kila kidonda kilipofunguliwa, usaha kidogo uliokuwapo uliondolewa. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limefunga. Mwanamke yule hakuandikwa jina, wala mganga. Sisi hujiuliza ni watu wangapi walifanyiwa vile kabla yake, hata mkono wa mganga ukajua ya kwamba kumwaga hutangulia kufunga.

Wala wakubwa hawakupewa njia ya mkato. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikuwa avikwe taji tarehe 26 Juni 1902. Wageni wa mataifa walikuwa wamekwisha kuwasili London, vyakula vimeandaliwa, barabara zimepambwa. Siku mbili kabla ya sherehe, tarehe 24, ilibidi daktari wa upasuaji, Frederick Treves, ampasue palepale katika jumba lake kwa sababu ya ugonjwa uleule wa mzee wetu. Yasemekana mfalme alikuwa ameshikilia kwamba ataenda kanisani liwalo na liwe. Treves hakukiondoa hata kidole tumbo chenyewe. Alilifungua jipu, akautoa usaha, akaacha mipira ili uchafu uendelee kutoka. Sherehe ikaahirishwa, na taji likavikwa tarehe 9 Agosti. Twamfikiria yule mfalme, naye pia "alikuwa amekwisha kutangazwa". Tofauti yake na mzee wetu ni kwamba yeye alipata daktari aliyethubutu kuvunja sherehe, na mzee wetu alipata kasisi aliyeitangaza.

Nabii Isaya, katika sura yake ya kwanza, aliona taifa lake kama mwili mmoja wenye majeraha tangu wayo hata kichwa. Alilalamika kwamba majeraha yale yameachwa bila kutunzwa, nayo matunzo anayataja kwa utaratibu: neno la kwanza, kama wengi wa wajuao Kiebrania wanavyolielewa, ni kukamua, kisha kufunga, kisha kulainisha kwa mafuta. Sisi twapenda kuanza na mafuta. Na Yeremia, mara mbili, katika sura ya 6 na ya 8, aliwashtaki makuhani na manabii waliolitibu jeraha la watu juujuu tu, wakitangaza amani mahali ambapo amani haikuwapo. Tazameni ni kina nani walioshtakiwa pale. Si wagonjwa.

Sasa turudi mahali mlipoweka kidole.

Sote twakijua kisa cha Yusufu. Katika sura ya 45 alijitambulisha kwa ndugu zake, akalia, akawabusu, akawapa magari na nguo na chakula. Watoto wetu wa shule ya Jumapili huiigiza sura ile na pazia hufungwa hapo. Lakini isomeni tena polepole. Yusufu amesema mengi katika sura hiyo. Ndugu zake je? Yaandikwa tu kwamba baadaye walizungumza naye. La kukiri kosa lao mbele yake, hakuna hata neno moja. Walikuwa wamekiri wao kwa wao zamani, katika sura ya 42, wakidhani hawasikii. Kwake yeye hawakukiri.

Wakakaa Misri. Yakobo akaishi humo miaka 17. Miaka 17 walikula nafaka ya Yusufu, wakalisha mifugo yao Gosheni, wakakutana naye na kusalimiana. Kwa nje palikuwa pamefunga kabisa. Siku baba yao alipokufa, wakiwa wametoka tu kumzika, hofu ikatoka yote kwa mara moja: huenda Yusufu bado anatuchukia. Hapo, katika mstari wa 17, ndipo kosa lao linapotajwa kwake kwa jina lake. Hata hivyo hawakuja wenyewe kwanza. Walituma ujumbe, tena kwa kumsingizia marehemu baba yao, ikiwa kweli walimsingizia.

Na Yusufu akalia. Wako wasemao kwamba alilia kwa uchungu wa kutoaminiwa baada ya wema wote ule. Huenda. Sisi, tangu tuliposimama kando ya kitanda cha mzee wetu, twadhani alilia kama mtu aliyekatwa uzi wa nne.

Imetupasa sasa kuwaambia jambo la pili juu ya mzee huyu, na ni gumu kuliko la kwanza.

Ana ndugu yake mdogo, mwashi. Kazi yake ni kutengeneza nyumba za zamani katika Mji wa Kale, zile za mawe ya matumbawe na chokaa. Baba yao aliwaachia shamba dogo upande wa Kisauni. Mdogo alipokuwa Arabuni akifanya kazi, mkubwa aliuza sehemu ya shamba bila kumwuliza. Mdogo aliporudi akakuta msingi wa nyumba ya mtu asiyemjua, na habari akapewa na mwenye msingi. Wakaacha kusemezana. Mwaka 2016 jambo hili lilifika kwetu, nasi tukalimaliza. Tulilimalizaje? Tuliwaita baada ya ibada katika chumba cha mavazi. Tukasoma fungu, tukaomba, tukawaambia washikane mikono, wakashikana. Tukawatoa nje mbele ya watu, watu wakapiga makofi, picha ikapigwa. Haikuzidi robo saa, maana tulikuwa na ubatizo upande wa ng'ambo saa nane. Tangu siku ile walisalimiana kila Jumapili, nasi tuliwataja mara nyingi katika mahubiri kama mfano wa upatanisho. Ila ndugu mdogo hakukanyaga tena nyumbani kwa kaka yake. Hata alipopasuliwa, hakuja.

Muuguzi yule alipotuambia ngozi ni mwongo, tulijua ya kuwa hasemi juu ya tumbo peke yake, ingawa yeye alisema juu ya tumbo tu. Waswahili wana jina la kidonda kisichotaka kupona, kinachokula nyama kimyakimya: donda ndugu. Aliyelipa jina hilo alijua alilosema.

Kesho yake tulimtafuta mwashi. Tulimkuta katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, juu ya jukwaa la miti, akibandua ukuta. Akashuka, tukaagiza kahawa kwa mwenye dele. Tukamweleza hali ya kaka yake. Akanyamaza. Kisha, badala ya kujibu, akatuonyesha ukuta.

"Kasisi, uone huu. Mwenye nyumba alipiga simiti juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hili lina chumvi na unyevu, lataka kupumua. Chokaa hulipumulisha. Simiti hulifunga. Ukitazama mwaka wa kwanza, ukuta ni laini kama kioo. Miaka michache baadaye wavimba, wadondoka vipande, na jiwe nyuma yake limekuwa unga." Akagonga kwa nyundo, pakalia kama ngoma. "Sisi ndugu wawili, mlitupiga simiti."

Hatukuwa na la kujibu. Tulimwomba msamaha palepale kichochoroni, watu wakipita na mikokoteni yao ya maji. Kisha tukamwambia kaka yake hufunguliwa kidonda kila siku saa nne, akipenda aje.

Alikuja siku ya tatu. Muuguzi, bila kumwuliza ni nani, akampa trei aishike. Basi mwashi akasimama na trei ya shashi, akaona shimo lililokuwa katika tumbo la kaka yake, ambalo mtu angeweza kuingiza vidole vitatu. Mzee akageuza uso. Kisha akasema, akiwa bado anatazama ukutani kama siku ile ya leso, "Niliuza. Sikukuuliza. Robo tatu ilikwenda kumtibu mama. Robo nilimlipia mwanangu karo. Hiyo robo ndiyo iliyonifunga mdomo."

Tulitazamia mdogo aseme, nimekusamehe. Yeye akauliza, "Robo ni shilingi ngapi?" Akatajiwa. Na hapo maneno yakatoka ambayo hayawezi kusemwa redioni. Miaka ya Arabuni, jua, fedha alizotuma za kumtibu mama yuleyule, barua ambazo hazikujibiwa. Sisi tulinyanyua mkono tuwatulize, kwa mazoea. Mke wa mzee akatushika mkono ule, akaushusha.

Walirudi kwenye maneno hayo siku nyingi. Siku nyingine mdogo aliondoka kwa hasira kabla shashi haijabadilishwa. Mkubwa aliomba aletewe karatasi za shamba, zikapitiwa moja moja, na katika karatasi zile likatokea deni jingine ambalo hata yeye alikuwa amelisahau. Kidonda cha tumbo kilichukua majuma tisa. Kila juma shimo lilipungua kina, na chini yake pakaota nyama nyekundu yenye chembechembe, inayotoa damu ukiigusa tu. Sisi tulipoiona tulishtuka. Muuguzi alifurahi, akasema hiyo ndiyo nyama inayotakiwa. Ibada ya shukrani haikufanyika Jumapili ile, wala hatujaitangaza tena.

Mzee sasa anatembea. Amekatazwa kuinua kitu kizito, maana pale chini kovu ni dhaifu, naye huvaa mshipi. Maji ya bomba nyumbani kwake ni ya kubahatisha, kama kwa wengi wetu hapa Kisiwani. Kwa hiyo Jumamosi mdogo wake huvuka kutoka Mji wa Kale na mitungi minne, huipandisha ngazi, huimimina pipani. Juu ya ile robo bado hawajaelewana. Jumamosi iliyopita tulisikia sauti zao tangu barabarani, wakibishana juu ya bei ya shamba la mwaka ule na bei ya leo, na mama wa nyumba akitoka kutupokea mlangoni akasema, "Piteni, Bwana Kasisi, wamo ndani wote wawili."

Tuombe.

Ee Bwana, uliyemwonyesha Tomaso ubavu wako ulio wazi, uwe karibu na wote watakaofunguliwa vidonda asubuhi hii, na mikono itakayovifungua. Uwape saburi wanaoshika trei. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.